Kibuyu cha Mama Namkunda

Nilifurahi kuona amekonda. Sitaki kudanganya kwenye hili, maana waliosimulia habari hii kabla yangu wamenipamba, wakanifanya mtu wa huruma. Droni ya abiria ilitua kwenye uwanja wa kanisa saa tatu asubuhi, ikatimua vumbi na kuku, mlango ukafunguka, akateremka Profesa Lotari Mapunda ndani ya suti iliyomning'inia kama ameazima kwa kaka yake. Macho yalikuwa ya njano. Tumbo lilimtangulia na miguu ikamfuata kwa shida. Nikasema moyoni, alaa, kumbe hata wewe unalo ini.

Mkononi alibeba kibuyu chetu.

Nilikuwa nimekingoja kibuyu kile miaka ishirini na sita. Mara ya mwisho nilikiona ndani ya kabati la kioo, kwenye makao makuu ya kampuni yake ya Ini Jema kule Dodoma, kimewashiwa taa, na chini yake kibao: "Chombo cha asili." Hapakuwa na jina la mtu. Mama yangu alikikuna kibuyu kile kwa mkono wake, akakichora nyoka wawili kwa chuma cha moto, akakivalisha mkanda wa ngozi ya mbuzi, halafu kibao kinasema asili, kana kwamba kilidondoka chenyewe kutoka mawinguni.

Alipanda njia ya mawe hadi uani kwangu huku akishikwa mkono na muuguzi, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mnene kidogo, mpole wa uso. Wakasimama mbele yangu. Mzee akawa anahema.

"Hujambo, Nanzia," akasema.

Huku kwetu Upare mtoto hufundishwa shikamoo kabla hajajua kushika kijiko. Mzee wa miaka sabini na minne akisimama uani kwako unamwamkia, hata kama jana alikukanyaga. Sikumwamkia. Nilimtazama tu, mpaka muuguzi akaona aibu kwa niaba yetu sote.

"Shikamoo, mama," akasema yeye.

"Marahaba, Sista. Jina?"

"Skolastika."

"Karibu ukae, Sista Skolastika."

Nikavuta kigoda kimoja. Profesa akabaki amesimama hadi alipochoka, akakaa kwenye gogo la kupasulia kuni. Mkono wa suti ukapanda na nikaiona bangili yake inang'aa nyekundu.

Siku hizi watu wakisalimiana huulizana na bangili. Habari za asubuhi? Nzuri. Sifuri? Sifuri, namshukuru Mungu. Yalianza baada ya ile miaka ya mvua zisizokoma, mahindi yalipoozea ghalani na watu wakayala hivyo hivyo kwa kuwa hayakuwepo mengine. Sumukuvu iliyokuwa kwenye yale mahindi ilikaa kimya ndani ya maini yetu, kisha saratani ikaanza kuzuka nyumba hadi nyumba. Bangili inachungulia damu kila saa na kuhesabu seli za saratani zilizotoka kwenye ini na kuanza kutembea. Sisi tunaziita wasafiri. Ukiwa na uvimbe kwenye ini na bangili ikasoma sifuri, unalima, unaoa, unagombana na jirani. Msafiri mmoja akionekana, unaita wanao.

"Ngapi?" nikamuuliza, ingawa nilikuwa nimeshaiona.

"Kumi na nne."

"Na ile dawa yako, Tulizo, unameza?"

"Mwaka wa nane sasa."

"Basi umetulia."

Sista Skolastika aliinamisha kichwa. Profesa alikiweka kibuyu magotini, akakishika kwa mikono miwili.

"Daktari wangu ananipa wiki sita," akasema. "Nimekuja kurudisha kibuyu. Mama yako aliniandikia kwamba kimebaki kitu kimoja."

"Alikuandikia mara tatu. Ukamjibu kwa wakili."

"Ndiyo."

"Wakili akaandika kwamba bibi asiye na shule hawezi kuidai kampuni kitu ambacho hata yeye mwenyewe hakijui jina."

"Niliisoma kabla haijatumwa," akasema. "Ningeweza kuizuia, sikuizuia."

Nilitarajia ataruka na kumsukumia wakili. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumrudishia, tena makali, kwa miaka.

*

Acha nieleze alivyokuja mara ya kwanza, ili asiyenijua asinione nina roho mbaya bila sababu.

Alikuja akiwa na miaka arobaini na minane, mtafiti mwenye viatu vizuri. Alikuwa amesikia kwamba chini ya msitu wa Shengena kuna mama anayetibu watu wa manjano na tumbo, na kwamba wagonjwa wake hawafi upesi. Mama alimpokea kama anavyompokea kila mtu, kwa makande na chai. Akamwonyesha mshighe, mtambao unaopanda kwenye mawe ya kale msituni. Akamfundisha kuubandua upande mmoja tu ili usife, kuuchemsha, na kipimo cha mtu mzima na cha mzee.

Hakumfundisha yote. Waganga wa ukoo wetu hawamfundishi mtu yote kwa mara moja. Unamfundisha, unabakiza kitu kimoja, unamjazia kibuyu magome, unamwambia nenda ukatibu. Siku moja anarudi. Analeta kibuyu kwa mkono wake mwenyewe, ndani ametia chumvi, na mdomoni ana majina ya waliomfia mikononi. Anayataja yote, mbele yako, kwa sauti. Hapo unajua kwamba huyu ameuona uzito wa kazi, unamwambia kile kilichobaki. Kisha mwalimu naye anataja majina ya waliokufa kwa mkono wake, na kibuyu kinatundikwa ukutani. Mwalimu asipotaja, hakitundikwi.

Kilichobaki hakikufichwa hata kidogo. Kilikuwa juu ya kichwa chake siku zote tatu alizokula makande jikoni kwetu. Juu ya mafiga kuna dari ya fito, na juu ya fito kulikuwa na mafungu ya magome ya mshighe, meusi tii kwa masizi. Profesa aliyaona. Nakumbuka alitazama juu, akapiga chafya, akasema, "Mama, stoo yako ina moshi sana, dawa inachafuka." Mama akacheka. Yale magome aliyopewa kwenye kibuyu, alipofika maabara, aliyaosha. Aliandika hivyo mwenyewe kwenye makala yake: sampuli zilisafishwa masizi mara nne kabla ya uchunguzi. Baadaye akaagiza magome mabichi, akayakausha kwa mashine safi.

Na dawa ilifanya kazi, hapo ndipo balaa lilipo. Seli ya saratani ikiwa ndani ya ini imeshikana na wenzake. Ikitaka kusafiri inabadilika umbo, inaachia mikono, inatafuna ukuta wa mshipa, inadandia damu na kwenda kupanga kwenye pafu au kwenye mfupa. Kiambato kilichomo ndani ya mshighe mbichi kinaziba kitufe ambacho seli inakibonyeza ili iachie mikono. Uvimbe unabaki ulipo kama mpangaji mkorofi aliyefungiwa mlango. Profesa akakipa jina la Tulizo, akakiandikisha kuwa mali ya kampuni, na miaka kumi na mmoja iliyopita kikaanza kuuzwa.

Mwaka huo huo sheria ikasema magome ya mshighe nje ya kampuni ni dawa isiyosajiliwa. Walinzi wa Ini Jema wakaja na ngazi yao ya bati, wakaipandisha jikoni kwetu, wakateremsha kila fungu lililokuwa darini. Mama aliwashikia ngazi isiteleze. Nilimgombeza, akasema, "Sasa waanguke ndani ya nyumba yangu?" Msitu nao ukazungushiwa uzio wa umeme. Nilifungua kesi. Sisi Wapare tunataniwa kwamba tuko radhi kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Basi mimi niliuza na kuku nikamkosa.

Mama mwenyewe alikuwa amekula yale mahindi. Uvimbe ulipoonekana, dawa yake ilikuwa kwenye ghala la Dodoma kama ushahidi, kwa hiyo alikwenda zahanati kupanga foleni, akapewa Tulizo, akaimeza kwa maji kila asubuhi akikunja uso. "Haina moshi," alikuwa akisema. "Nanzia, mwambie yule kijana haina moshi." Ndipo akaniandikisha zile barua tatu.

Ilipofika mwaka wa saba, akiwa uani anapepeta maharage, bangili yake ilitoka sifuri ikaenda tisa. Alikaa wiki tano. Siku za mwisho alikuwa akiuliza kama yule kijana ameleta kibuyu, na mimi nilikuwa nikimjibu kwamba yuko njiani. Nilimchukia mtu yule.

*

"Chumvi?" nikamuuliza.

Profesa alikizibua kibuyu na kukiinamisha. Chumvi ya mawe ikaonekana.

"Majina?"

Hapa ndipo nilipokuwa nimemtegea. Nilijua hana. Kampuni kama ile haina majina, ina namba za wagonjwa na makundi ya umri. Nilikuwa nimeshaona jinsi itakavyokuwa: atababaika, atasema nitayatafuta, nami nitamwambia nenda ukayatafute, nikijua kabisa kwamba hana siku za kwenda na kurudi. Ningekuwa nimeifuata mila bila kuacha hata nukta, na yeye angekufa.

Akatia mkono ndani ya koti, akatoa daftari la shule, lile la kurasa mia mbili, limejaa mwandiko wake.

"Nimewapigia jamaa zao mmoja mmoja," akasema. "Miezi miwili. Wengine walinitukana na kukata simu, nikapiga tena. Ni watu elfu moja mia tatu na sita waliofunguka wakiwa kwenye Tulizo, wasafiri wakatoka na wao wakafa, kwa kadiri ninavyojua. Nimewapanga kwa tarehe."

Akavaa miwani, akaanza kusoma.

"Sihaba Mkumbwa, wa Mpwapwa. Elikunda Saburi, wa Usangi. Jumanne Kihwelo, wa Ilula. Ndimyake Asajile, wa Tukuyu..."

Sauti ilikuwa ya kukwaruza lakini hakuharakisha. Majirani waliokuwa wakipita njiani walisimama. Mwanamke mmoja aliweka ndoo yake chini. Nilihesabu kwa vidole bila kutaka.

"Namkunda Kajiru," akasema. "Wa hapa. Mwalimu wangu."

Alikuwa wa arobaini na tatu. Sikulia, nilikuwa nimejiapiza kwamba hatayaona machozi yangu yule. Nikasema tu, "Endelea."

Akaendelea. Ilipita saa nzima, na nyingine ikaingia. Sista Skolastika aliomba kwenda kuchemsha maji, nikamwonyesha jikoni. Aliporudi na chai, alimpa mzee kikombe kwa mkono wa kulia na mkono wa kushoto akauficha mgongoni. Nilipopokea kikombe changu nilimshika kiwiko, nikamgeuza taratibu. Chini ya mkono wa sare kulikuwa na bangili. Ilisoma mbili.

"Tangu lini?" nikamnong'oneza.

"Asubuhi hii, mama. Tukiwa angani."

"Anajua?"

Akatikisa kichwa. "Ana yake ya kutosha. Mimi mwaka wangu wa saba unaisha mwezi ujao." Kisha akasema, kama anayeomba radhi kwa kuvunja kikombe, "Nina watoto wawili Kongwa."

Profesa hakutusikia. Alikuwa amefika mia tisa na kitu, chai inapoa gotini, anasoma. Majina yale mimi sikuwa nayasikia tena vizuri. Nilikuwa nikiyasikia kama mvua kwenye bati, na kila tone nilikuwa nikimhesabia yeye.

Saa sita na robo akafunga daftari. "Ni hao," akasema. Midomo ilikuwa imempauka.

Mila ni mila. Nikasimama, nikamwambia, "Njoo jikoni."

*

Jikoni mwangu kuna mafiga upande mmoja na maabara upande wa pili. Nilifundisha kemia chuoni Same miaka ishirini kabla sijarudi nyumbani kumuuguza mama, na sikurudi mikono mitupu: nina kabati la joto, darubini nzuri, na visahani vya seli za ini ninazozilisha kama vifaranga. Profesa alivitazama kwa jicho la mtu anayekumbuka ujana wake. Nikamwelekezea kidole juu.

Kwenye dari ya fito, juu ya moto, lilikuwapo fungu moja. Baada ya mazishi nilipanda kipande cha mshighe nyuma ya zizi, kwenye mawe, mahali ambapo walinzi hawaingii kwa sababu ya nyuki. Kilichukua karibu miaka minne kutoa gome la kufaa. Hilo lilikuwa vuno lake la kwanza, na lilikuwa limekaa juu ya moshi siku tisini na mbili.

Alilitazama. Nikaona linavyomwingia.

"Moshi," akasema.

"Miezi mitatu, juu ya moto wa kila siku, kuni za kawaida. Moto usizimwe zaidi ya siku moja. Joto na moshi vinaunganisha molekuli mbili mbili za kile kiambato chako. Kilicho kimoja kinaziba kitufe kimoja. Seli haina haraka, ndani ya miaka saba inajiotea kitufe kingine. Kilichoungana kinaziba vyote viwili, na ukinywa siku arobaini seli inasahau kabisa namna ya kuachia mikono. Hutamezeshwa tena kitu maisha yako yote."

"Na mimi niliyaosha."

"Mara nne. Uliandika mwenyewe."

Alikaa kwenye kigoda cha mama bila kukaribishwa, akacheka kicheko kibaya, kikageuka kikohozi. Sista akamshika mabega.

Nilitaka aone kwa macho yake, maana nilitaka imuume kama msomi pia, si kama mgonjwa tu. Nikatoa daftari langu rafuni, nikalifungua penye jaribio. Kushoto nilikuwa nimechora seli zilizonyweshwa gome bichi, zimetulia kwa siku kadhaa kisha zinatambaa kwenda ukingo wa kisahani. Kulia, seli za gome la moshi, kutoka kwenye vipande viwili vya gome la mama vilivyosalia nyufani mwa dari. Siku ya tisini na bado zimeshikana. Nikamwekea mapajani.

"Lile pale juu," akasema bila kusoma, "linamtosha mtu mmoja?"

"Mmoja."

"Nanzia." Aliniangalia kwa macho yale ya njano. "Sina la kukuficha. Nina hamu ya kuishi. Nikitoka hapa nitaufungua uzio, nitaandika kila kitu, kila kijiji kiwe na dari yake, jina la mama yako liwe juu. Lakini ili niyafanye hayo niwe hai. Magome nitakayoanika leo yatakuwa tayari baada ya miezi mitatu. Mimi nina wiki sita."

Jamani, utamu niliousikia wakati ule siwezi kuueleza kwa mtu aliyelelewa vizuri. Nilikuwa nimeuota. Nilipanda kwenye kigoda cha pili, nikalishusha fungu, masizi yakanidondokea usoni, nikalipangusa kwa khanga ya mama. Nikapita mbele yake. Nikaliweka mikononi mwa Skolastika.

"Gawa mara arobaini," nikamwambia. "Chemsha asubuhi, kunywa ikiwa vuguvugu. Ni chungu. Ikikosa ladha ya moshi, uje unidai."

Skolastika alitazama fungu, akamtazama mzee. "Mama, mimi siwezi. Yeye ndiye—"

"Mwonyeshe bangili yako."

Alimwonyesha. Sasa ilisoma tatu. Profesa alifumba macho, na alipoyafumbua alikuwa amekasirika, hasira halisi ya mtu anayezama.

"Mila yenu," akasema. "Nimerudisha kibuyu. Nimetia chumvi. Nimewataja wote. Umeniua."

"Nimekufundisha. Anayerudisha kibuyu anaambiwa, Profesa. Hakuna aliyesema anapewa. Wiki sita zinatosha kufungua uzio na kuandika. Ni zako hizo, zifanyie kazi."

Nilidhani hapo ndipo mwisho. Nilikuwa nimelisubiri neno lile, na nililisema vizuri. Kisha, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kuyaweka macho, akayashusha kwenye daftari langu lililokuwa mapajani mwake. Msomi akifungua daftari la mwenzake, huanzia kwenye tarehe.

Alivaa miwani. Akaigusa tarehe kwa kidole. Akafungua ukurasa wa nyuma, akarudi. Akachukua daftari lake la majina, akayaweka sambamba, akatafuta mstari.

"Hii siku ya tisini," akasema polepole. "Ni miaka minne kasoro miezi miwili iliyopita."

Nikainama kuchochea kuni.

"Mama yako alikufa Februari. Wewe Juni ulikuwa unajua. Una matokeo, una michoro, una kila kitu." Hakuwa anapiga kelele. "Kwa nini hukuandika? Hata gazetini. Hata kwenye redio ya kijiji. Mtu yeyote mwenye jiko angeweza."

"Magome yote yalikuwa kwako, nyuma ya uzio."

"Wangenilazimisha kuufungua. Watu elfu thelathini wenye bangili wangeung'oa kwa mikono. Unajua hivyo."

Nilijua. Kila redio ilipotangaza waliofunguka, nilikuwa nikisema: ya Mapunda hayo. Nilikuwa nikisema: akileta kibuyu nitamwambia, mila ni mila. Nilikaa jikoni hapa na jibu rafuni, nikiwalisha vifaranga wangu wa ini, nikimngoja augue.

Profesa alisimama kwa kumshika Skolastika. Kibuyu alikiacha mezani, karibu na darubini.

"Arobaini na watatu ni wangu peke yangu, na yeye akiwamo," akasema. "Sitakataa mbele ya mtu wala mbele ya Mungu. Hao wengine, binti Namkunda, tutagawana."

Wakatoka. Nilisikia viatu vyake vikiburuzika kwenye mawe. Nilikichukua kibuyu ili nikitundike. Msumari ulikuwapo ukutani, ule ule, mama hakuwahi kuutumia kwa kitu kingine. Nilikuwa nimepanga tangu zamani namna nitakavyofanya: nitataja jina moja tu, la mama yangu, nitalitaja kwa sauti majirani wasikie, nitakitundika, nitalia, basi. Nikasimama mbele ya msumari. Nikafungua mdomo, na jina la mama likakataa kutoka, kwa sababu halikuwa langu. Alikuwa amekwisha kulitaja mwenye nalo. Yangu yalikuwa yale mengine, yale niliyoyaacha yanipite kama mvua kwenye bati, na sikukumbuka hata moja.

Nikakimbia hadi uwanja wa kanisa, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, masizi usoni, khanga inanivuka. Mapanga ya droni yalikuwa yameanza kuzunguka. Nikagonga kioo kwa kiganja mpaka mlango ukafunguka.

"Shikamoo, Profesa," nikasema.

"Marahaba."

"Niachie daftari."

Akanipa. Nilirudi nyumbani nikikanyaga vumbi lao. Wale majirani walikuwa bado wamesimama njiani, na ndoo ya yule mwanamke ilikuwa bado chini. Nikakaa kwenye gogo alilokalia yeye, nikaweka kibuyu magotini, nikafungua ukurasa, nikamtafuta wa arobaini na nne. Alikuwa anaitwa Pilisila Mlekwa, wa Kondoa. Nikaanza na huyo.